Kutoka Migori Hadi Ziwani, Kuamsha Redio

Sisi wa Mombasa tukiambiwa ziwa, tunafikiria dimbwi kubwa. Matatu yetu ilitoka stendi ya Migori alfajiri, ikakokotana na matrekta ya miwa pale Awendo, ikafika Rongo na kukata kushoto. Tulipopita Rodi Kopany barabara ilianza kuteremka, na Ghuba ya Winam ikatandaa mbele yetu, kilima cha Asego kikiulinda mji. Harufu ya omena ilitupokea kabla ya makanga kufungua mlango.

Aliyeniita ni jaduong' mmoja mwenye duka la samaki karibu na ufuo. Umeme wake ni wa sola, na redio ya Wi-Fi inakula betri hiyohiyo ya taa. Fundi aliyenitangulia alikuwa amebana matumizi: laptopu ya Linux ilikaa macho milisekunde 10 tu baada ya pakiti ya mwisho, kisha redio ikalala. Betri ilidumu kweli. Ila binti wa mzee, anayewapigia wanunuzi wa Nairobi kwa intaneti, alisikia maneno yakikatikakatika.

Redio iliyolala ikiwa na la kutuma huamka yenyewe. Kinachochelewa ni kinachoingia. Ruta hukihifadhi, na kila baada ya milisekunde 100 hivi hutangaza nani ana mzigo. Kifaa huamka kusikiliza. Vingine huamka kwa tangazo la tatu, yaani baada ya 300, ilhali ITU inashauri sauti ya simu ifike ndani ya 150. Sasa, pakiti za sauti kwa kawaida hufuatana kila milisekunde 20. Ukiipa redio subira ya 10, itasinzia kati ya pakiti na pakiti, mazungumzo mazima.

Nikapandisha hadi 100, kiwango ambacho Linux yenyewe huanza nacho. Simu ikiendelea, redio hailali, ikikatwa, inalala.

“Na betri yangu, fundi?”

“Mzee, friji yako ndiyo mla umeme, si hii.”

Kipimajoto cha friji hiyo sikukigusa. Kinatuma chenyewe kila robo saa, hakuna anayekipigia, basi kilale mara tu kinapomaliza. Jibu likichelewa nusu sekunde, mbuta haozi.

Binti akapiga tena Nairobi. Mnunuzi akasikika neno kwa neno, akikataa bei.