Hoteli ya Reli Tabora: Mgeni Aliyengojewa Hakufika

Akina mama wenzetu, sisi wa Musoma tumelelewa na upepo wa ziwa, kwa hiyo safari ya Tabora ilitupa ugeni kidogo. Basi lilipita Bunda, Mwanza, Shinyanga na Nzega, na maji yakabaki nyuma. Mbele yetu ni nyika na miti mikavu, mpaka tulipoiona miembe ya Tabora.

Tulikwenda kuliona jengo moja katika barabara iendayo stesheni. Wajerumani walilijenga mwaka 1914. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Wenyeji husimulia kwamba jengo hilo liliandaliwa kumpokea Kaisari Wilhelm wa Pili, aje kuwinda. Na nani kati yetu asiyejua kungoja mgeni mkubwa? Shuka mpya zinatolewa sandukuni, vikombe vya kabatini vinashushwa, watoto wanakatazwa kukanyaga sebuleni.

Mwezi Agosti mwaka huo huo vita vikaanza. Kaisari hakufika. Waliofika ni majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, waliouteka mji Septemba 1916, na baada yao Waingereza. Jengo likaja kuwa Hoteli ya Reli, mahali pa kulala abiria wa treni. Miaka mingi baadaye lilikarabatiwa na kuitwa Orion Tabora Hotel.

Kuna abiria mmoja tuliyemkumbuka sana tukiwa pale, maana ni wa kwetu. Mwaka 1937 Julius Nyerere alitoka Butiama, akamwacha mama yake, Mugaya, akaja kusoma Tabora. Alirudi mwaka 1946 kufundisha St. Mary's. Januari 1958 akawa tena katika mji huu, katika mkutano wa TANU ulioamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ingawa wengi waliona masharti yake ni ya kudhalilisha. Zama zile, katika hoteli za namna hii, Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, akatokea mbele na trei mkononi. Hilo husahaulika upesi watu wanaposifu uzuri wa majengo ya kale. Na kweli ni zuri, hatukatai: baraza pana lenye kivuli, na bustani mbele yake.

Tuliketi hapo barazani, tukaagiza chai. Mtoto wa mwenzetu, aliyekuwa amechoka na basi, alimwaga maziwa yote sakafuni. Sote tukainuka na leso zetu kufuta, kwa haya, kama tuliovunja kitu cha watu. Mhudumu, kijana wa Kinyamwezi, akatuzuia.

"Kaeni, mama zangu. Ninyi ni wageni."

Akaleta kikombe kingine.