Mwalimu Anayesikia

Kujifunza gitaa ukiwa umevuka miaka arobaini kunataka unyenyekevu. Vidole vilivyozoea kalamu na usukani havikubali upesi kukandamiza nyuzi sita za chuma. Wiki za mwanzo ncha zake huuma hata kwa kushika kikombe cha chai, mpaka ngozi iote sugu. Nilianza mwaka juzi, kwa sababu mtaa mmoja wa usharika wetu hauna kinanda wala umeme wa kuaminika, na vijana wa pale wanapenda kuimba. Mwalimu wangu alikuwa ndani ya simu.

Namshukuru Mungu kwa walimu hao wa mtandaoni. Kwa gharama ya bando tu, mtu asiyenijua alinionyesha mahali pa kuweka kila kidole. Nilipochoka nilimsimamisha. Niliposhindwa kumfuata nilipunguza mwendo wa vidio hadi nusu, naye akarudia mara ishirini bila kukunja uso. Sisi tunaofundisha kipaimara hatuna uvumilivu huo kila siku! Baada ya miezi mitatu nilizijua kordi za G, C na D, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na kwa hizo tatu nyimbo nyingi za ibada huimbika.

Lakini kwenye kordi ya C, uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, haukulia. Nilirudia somo, nikarudia tena. Mwalimu alitabasamu, akapiga vizuri, akanikaribisha somo linalofuata. Hakuwa na kosa lolote. Yeye alisikika, ila hakuweza kunisikia.

Siku moja mzee wa kwaya yetu, aliyepiga gitaa tangu ujana wake, alileta sadaka ya jumuiya akanikuta barazani. Alisikiliza kidogo, kisha akasema, "Baba Mchungaji, kidole chako cha shahada kimelala, kinauziba uzi wa jirani. Kisimamishe." Nikakisimamisha. Uzi ukalia.

Siku hizohizo nilikuwa nimebeba swali la kijana mmoja aliyeacha kuja ibadani. Nilipomtembelea alinipokea kwa heshima, kisha akasema, "Mchungaji, mahubiri nasikiliza kila usiku kwenye simu, tena ya wahubiri wazuri. Nikija kanisani naongeza nini?" Lilikuwa swali la haki. Ningeweza kumjibu kwa amri ya tatu, kama tunavyoifundisha katika Katekisimo Ndogo, na jibu lingekuwa sahihi. Ila niliona lisingemfikia pale alipo. Nikamwomba anipe muda.

Baada ya mzee yule kunisikiliza, nilirudi kwa kijana nikamwuliza, "Hao wahubiri unawasikia. Wewe nani anakusikia?" Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaanza kusema, tukakaa hadi giza likaingia. Aliyoyasema yanabaki kati yake na Mungu. Itoshe kusema kwamba alikuwa na mzigo ambao mhubiri wa kwenye simu asingeweza kuujua, maana hakuwahi kumwuliza.

Tunasoma katika Matendo ya Mitume sura ya 8 habari za towashi Mkushi aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu. Alikuwa na maandiko ya Isaya mikononi mwake, wala maandiko hayo hayakuwa na upungufu. Hata hivyo Roho alimtuma Filipo akimbilie gari lile. Filipo akamsikia akisoma, akamwuliza kama anaelewa, akapanda akaketi pamoja naye. Safari ile iliishia kwenye maji ya ubatizo.

Martin Luther, ambaye mwenyewe alipiga lute, chombo cha nyuzi kinachokaribiana na gitaa, aliandika jambo hili katika Makala za Smalkald za mwaka 1537. Anataja njia ambazo Injili hutufikia: Neno linalohubiriwa, Ubatizo, Meza ya Bwana na mamlaka ya funguo. Kisha anaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Hiyo ya mwisho haiwezi kurekodiwa ikatumwa. Inahitaji mtu aketi karibu nawe, akusikilize.

Sisemi tuzime simu. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani hupata ibada kwa njia hiyo, na ni baraka kubwa. Mimi mwenyewe bado ninajifunza kwa vidio, na sasa ninapambana na kordi ya F, ambayo kidole kimoja hulalia nyuzi zote sita. Lakini tukikutana kwenye jumuiya tukasoma somo, tukatoa sadaka na kutawanyika kabla mtu hajasema lililo moyoni, tutakuwa tumempa vidio nyingine tu.

Kijana yule haji kila Jumapili. Kwenye jumuiya, hata hivyo, hakosi, kwa sababu kuna mama mmoja pale ambaye humwuliza habari za wiki na kumngoja ajibu. Mpendwa msomaji, jumuiya yenu ikimaliza sala ya mwisho, usiondoke upesi. Mwulize aliyeketi karibu nawe anaendeleaje, kisha mngoje na wewe.