Pembe za shamba na chupa za shule

Sisi mafrateri tunaofundisha vipindi vya dini katika shule tatu za msingi za Serikali zilizo jirani na seminari yetu, hapa Dar es Salaam, tumekuwa kwa mwaka mzima tukishughulika na jambo lisilomo kwenye ratiba ya kipindi: taka. Baba Gambera alitaka kila kundi la utume litafute tendo moja la kuiishi Laudato Si', waraka alioutoa Papa Fransisko mwaka 2015, tusiishie kuujadili darasani. Katika namba 211 Papa anataja mambo madogo ya kila siku, na kutenganisha taka ni mojawapo. Tukasema hilo tunaliweza.

Kila shule ina shimo la taka nyuma ya vyoo. Asubuhi watoto wanafagia, mwalimu wa zamu anakagua, kila kitu kinaingia shimoni, na mchana shimo linawashwa moto. Moshi wa plastiki unaingia madarasani. Kabla ya kupeleka pipa hata moja tuliomba ruhusa kwa walimu wakuu, tukatandika turubai uwanjani, tukamwaga taka za siku moja na kuzichambua pamoja na watoto wa darasa la sita. Zaidi ya nusu ilikuwa majani ya miembe na maganda ya matunda. Zikafuata karatasi za daftari, vifuko vya barafu na vya karanga, maganda ya pipi. Chupa za plastiki zilikuwa chache, kwa sababu mtoto wa shule hizi anakunywa maji ya bomba. Chupa zilizokuwepo zilitoka ofisi ya walimu, na watoto walilitambua hilo kabla yetu wakacheka sana.

Majani na maganda yalikuwa rahisi: tulichimba shimo jingine la mboji, na sasa bustani za mchicha zinalishwa na kilichokuwa kinachomwa. Karatasi zenye upande mmoja safi zinashonwa kuwa vitabu vya mazoezi ya hesabu. Chupa ndizo zilizoleta mjadala, kwa kuwa chupa ina bei.

Tuseme kwanza kidogo kuhusu chupa yenyewe, maana watoto waliipenda sehemu hii kuliko mahubiri yetu yote. Chupa ya maji na kifuniko chake ni plastiki za aina mbili. Ukizikata vipande na kuvitia ndoo ya maji, vya chupa vinazama na vya kifuniko vinaelea. Viwandani tofauti hiyo hutumika kuzitenganisha baada ya kusagwa. Tulifanya jaribio hilo kwa mkasi na ndoo ya kufulia, na tangu siku ile hakuna mtoto anayehitaji kuambiwa afungue kifuniko.

Jambo jingine lilikuwa gumu zaidi ya mapipa. Katika shule zetu nyingi kuokota taka ni adhabu. Umechelewa, okota makaratasi. Umepiga kelele, okota makaratasi. Mtoto aliyelelewa hivyo miaka saba ataiona taka kama aibu, na atamwona mwenye kuiokota kama mtu anayeadhibiwa. Tuliwaomba walimu watafute adhabu nyingine. Wawili walitushangaa, mmoja akatuuliza kama tumewahi kusimamia watoto mia mbili peke yetu. Hata hivyo walikubali, na kazi ya mapipa sasa inapewa kiranja kwa zamu, kama kupiga kengele.

Kisha akaja mnunuzi wa plastiki na Kirikuu chake. Pendekezo lake lilikuwa zuri machoni: atanunua kwa kilo, bei ya juu kidogo, mradi shule zikusanye mzigo wa kujaza gari. Kwa taka za ndani ya uzio mzigo huo haupatikani hata kwa muhula mzima. Njia ilikuwa kila mtoto aje na chupa tano kila Ijumaa kutoka mtaani kwao. Walimu wakuu walivutiwa, na hatuwezi kuwalaumu. Tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada, na anayejua chaki, fagio na kitasa cha mlango wa choo vinagharimu kiasi gani anajua shilingi elfu ishirini ni nini mkononi mwa mwalimu mkuu.

Lakini mtaani chupa hazikai bila mwenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, chupa zikabaki, na katika jiji hili chupa inayoanguka huokotwa mapema na mtu anayeishi kwayo. Kwetu mtu huyo ni bibi mmoja anayepita alfajiri na kiroba, kabla hatujamaliza Masifu ya Asubuhi. Tulimsalimia siku moja getini, tukamweleza mpango wa chupa tano. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Wajukuu zangu, watoto mia sita mara tano,” akasema. “Mimi nitaokota nini?”

Tulirudi na swali hilo kwenye meza ya chakula, na mjadala ukawa mkali kuliko wa mtihani wa falsafa. Baadhi yetu walishika Injili ya Yohane, sura ya 6: baada ya kuwalisha watu elfu tano Yesu aliagiza mabaki yakusanywe, kitu kisipotee, vikajaa vikapu 12. Wengine walishika kitabu cha Walawi, sura ya 19, ambapo mwenye shamba anakatazwa kuvuna mpaka pembeni na kurudia masazo, kwa kuwa hayo ni ya maskini na mgeni. Kwa agizo hilo Ruthu na mama mkwe wake walipata kula. Tunadhani maagizo haya mawili hayagombani. Vile vikapu vilijazwa kwa mabaki ya karamu ileile, hakuna aliyetumwa kwenda kukusanya mikate ya majirani.

Basi tulipendekeza kwa kamati za shule kwamba uzio uwe mpaka: shule ikusanye kinachozalishwa ndani, na isimtume mtoto nje. Chupa za ndani achukue bibi kila Ijumaa, zikiwa safi na vifuniko vimetengwa, na alipe nusu ya bei anayopata mwenyewe. Ustadhi anayefundisha watoto wa Kiislamu saa ileile ya vipindi vyetu alitusaidia sana kwenye kikao. Yeye alikwishafundisha juu ya israfu, akaongeza haki ya jirani, na wazazi wakamwelewa haraka kuliko walivyotuelewa sisi na Walawi wetu.

Shule mbili zimekubali. Fedha ni ndogo, zinaandikwa kwenye daftari ubaoni kila mtu aone, na mpaka sasa zimenunua fagio na ndoo. Ya tatu imechagua Kirikuu. Mwalimu mkuu wake alitueleza bila kuficha kwamba ana choo kimoja cha wasichana kilichobomoka na hana pengine pa kupata mlango. Tumemwelewa, ingawa hatujakubaliana naye, na tunaendelea kwenda pale kufundisha na kupalilia bustani. Kamati yake itakutana tena baada ya likizo ya Juni. Wakati huohuo tunatafuta fundi parokiani wa kuutengeneza mlango ule. Bibi naye ameomba glavu, jozi mbili, moja ya mjukuu wake aliye darasa la tano.