Chumvi ya Nunge

Mpwa wangu anasoma mwaka wa msingi katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Akifaulu, ataomba shahada ya kemia. Jioni huniletea madaftari yake ya Kiingereza tuyafasiri. Kemia sikufundishwa, ila mashamba ya chumvi ya Nunge, hapa Bagamoyo, nayajua. Jua likikausha maji ya bahari, jasi hutangulia kutuama, kisha chumvi ya chakula; zile chungu za magnesiamu hubaki majini. Hayo aliyaona utotoni, lakini sekondari hakuulizwa kwa Kiswahili. Alama zikamponyoka. Jana tumebishana: myeyusho au mmumunyo? Nimeshikilia mmumunyo, ulimi unaujua.