Mche Uliohamishwa

Mtu akisikia neno msitu hufikiri habari za Mau au Kakamega; ni nadra kuufikiri mji. Walakini mti ulio kando ya barabara, mti wa uani mwa shule na mti wa bustanini yote ni msitu mmoja uliotawanyika kati ya nyumba, na msitu huo una elimu yake. Elimu hiyo ndiyo niliyoiendea nikiwa na umri wa miaka 31, baada ya kuhitimu chuo cha ualimu na kufundisha kwa miaka 8.

Chuo cha kwanza kilichonipokea kilikuwa mbali na mji, na mafunzo yake yalihusu zaidi mashamba ya miti: misonobari, mikaratusi, mbao na vipimo vyake. Ni elimu njema, lakini haikuwa ile niliyoitafuta. Mwaka ulipokwisha niliomba kuhamia chuo kingine, Nairobi. Nilikubaliwa kwa masharti: katika masomo 12 niliyofaulu, 7 tu yalihesabiwa, 5 yaliyobaki nilitakiwa kuyasoma upya na kuyalipia karo upya. Nilikuwa na watoto wawili wa kulea, na likizo niliyopewa kazini haikuwa na mshahara. Mama yangu aliniuliza, "Mwanangu, aliyefika kati ya mto hurudi ukingoni kuanza kuogelea upya?" Sikuwa na la kumjibu.

Jibu nililipata kitaluni. Mche ukikaa mno mfukoni huzungusha mizizi yake, kwa kuwa hauna pa kuipeleka. Ukipandwa hivyo, mizizi huendelea kuzunguka hata ardhini, na miaka mingi baadaye huweza kulikaba shina lenyewe. Dawa yake ni kisu: mizizi inayozunguka hukatwa au hunyoshwa kabla ya kupanda. Shimo huchimbwa pana mara mbili au tatu kuliko donge la udongo wa mche, lakini kina chake hakizidi donge hilo, na pale shina linapokutana na mizizi hapafukiwi. Mche uliotendewa hivyo hunyauka kidogo, kisha hushika. Basi niliyatazama yale masomo 5 kwa jicho jingine. Hakuna kiumbe kinachohamishwa bila kupunguziwa kitu. Neno kubwa ni kwamba kihamishwe mapema. Mti mzima ukichimbuliwa huacha sehemu kubwa ya mizizi yake ardhini, na mara nyingi hauponi.

Mji wenyewe ulikuwa darasa letu. Tulisoma katika bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, kwa sababu reli ilihitaji kuni nyingi. Tulitembea Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa ajili yake mwaka 1999 walipopinga ardhi yake isigawiwe watu binafsi. Tulisimama pia chini ya mgumo mkubwa wa Waiyaki Way, uliokuwa uondolewe kupisha barabara mpya, ukaokolewa kwa amri ya Rais mwezi wa Novemba 2020.

Lakini adui wa kila siku wa mti wa mjini si shoka. Ni udongo ulioshindiliwa na nyayo na magurudumu hata hewa isiifikie mizizi. Ni saruji iliyomwagwa mpaka shinani. Ni mtu anayeukata mti kichwa ili usiguse nyaya. Mti uliokatwa kichwa huchipuza matawi mengi ya haraka yasiyoshika vema, na upepo ukivuma ndiyo yanayoangukia watu. Apogoaye kwa elimu hukata tawi zito mara tatu: kwanza chini, ili gome lisichanike, pili juu, mbele kidogo ya hapo, ili uzito uanguke, mwisho karibu na shina, bila kukigusa kivimbe kilicho mahali tawi linapotokea, kwani hapo ndipo jeraha huanzia kufunga.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali yetu iliwapa wananchi siku ya mapumziko ili wapande miti. Ni jambo la sifa. Hata hivyo, katika barabara moja tuliyopelekwa kukagua miche iliyokwisha kupandwa, tulikuta vijiti vya kuegemezea vimesimama wima, na miche imekauka kandoni mwavyo. Kupanda ni kazi ya siku moja, nayo hupigiwa makofi. Kumwagilia ni kazi ya kiangazi baada ya kiangazi, nayo haina mpiga picha.

Sasa nimerudi darasani. Wanafunzi wangu wana miti 6 ya kutunza, na kila mmoja huletewa maji yaliyotumika kunawia mikono. Ewe msomaji, yamkini nawe utahama: shule, mji au fani. Ukihama, usikubali kuhesabu ulichopunguziwa tu. Tafuta udongo usioshindiliwa, unyoshe mizizi yako, na umtafute mtu wa kukumwagilia miaka ya kwanza. Na ukimkuta mgeni darasani mwenu aliyehamishwa majuzi, jua kwamba huyo ni mche wa zamu yako.