Tulivyojitayarisha Kwenda Harambe

Ahadi ile ilikaa juu ya mlango wa jokofu letu kwa muda wa miaka mitatu. Ilikuwa picha ya ngome yenye minara myembamba ya buluu, aliyoichora binti yetu wa kwanza alipokuwa na umri wa miaka sita, na chini yake baba yake, katika saa ya furaha, alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Tutakwenda." Hakuandika lini. Mtu mzima akiahidi bila kutaja siku hujiona amelikwepa deni. Mtoto yeye hujua kwamba deni limekwisha kubaliwa na linangoja kulipwa tu.

Sisi tunakaa Atlanta, katika jimbo la Georgia, nchini Marekani, tulikoletwa na kazi. Ngome ile iko Florida, karibu na mji wa Orlando, mwendo wa kilomita 700 hivi kwa gari, katika bustani kubwa za michezo na maonyesho zinazojulikana kwa jina la Walt Disney World. Kila likizo ya Desemba inapomalizika, baadhi ya watoto wa darasa la binti yetu hurudi shuleni wakiwa wamevaa vichwani masikio ya panya ya kitambaa, na hadithi zao haziishi mpaka Machi. Yeye alikuwa akisikiliza. Dini yetu haina Krismasi, lakini likizo ni ya watoto wote.

Mnamo Septemba, 2024, mama yangu alikuja kututembelea kutoka Pangani, akaikuta picha ile, akauliza habari zake. Ndipo jambo tulilokuwa tukilizungukazunguka likatua mezani.

Mume wangu alikuwa na hoja, nami sitaki msomaji amdhanie bahili. Alisema kwamba fedha za kutazama ngome ya kuigiza ni fedha za nauli. Watoto wetu hawajaiona Pangani. Mvulana wetu wa miaka sita anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Na kama tungejinyima mwaka mmoja au miwili zaidi, wangekwenda kuuona mto na bahari yenyewe. Akaleta karatasi na kalamu. Nauli ya Desemba kutoka Atlanta hadi Dar es Salaam ilikuwa imezidi dola 1,500 kwa kila mtu, nasi tu watano, kwani hata kitinda mimba wetu, aliyekwisha kupita miaka miwili, hutakiwa na shirika la ndege kulipiwa kiti chake.

Nilimjibu kwamba hesabu yake ni sahihi ila imesahau umri wa watoto. Katika bustani zile mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu huingia bure. Wa miaka mitatu mpaka tisa hutozwa pungufu kidogo ya mtu mzima, na akitimiza kumi amekwisha kuwa mtu mzima mbele ya dirisha la tiketi. Kitinda mimba angetimiza mitatu mwezi wa Januari, na binti yetu angetimiza kumi kabla ya mvua za masika. Desemba ile ilikuwa ya mwisho yenye nafuu. Tena nyumba ilikuwa na Bibi, na hakuna aliyetaka kusema kwa sauti kwamba Bibi ana miaka sabini na mitatu na kwamba safari ya pili ya namna ile si jambo la kulitegemea.

Tukampelekea yeye shauri. Alizitazama karatasi zote mbili, akamwambia mume wangu, "Mwanangu, Pangani haihami. Lipa kwanza hili la mlangoni." Mume wangu akakunja karatasi yake, lakini hakuitupa, aliitia katika mfuko wa shati.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za mahali penyewe, maana sikupenda kupeleka watu sita nisikokujua. Walt Disney, mtengeneza filamu za katuni, alifungua bustani yake ya kwanza huko Anaheim, California, mwaka 1955. Mji ukaizunguka bustani ile kwa hoteli na maduka ya watu wengine, naye hakupata nafasi ya kuipanua. Alipoitamani Florida, basi, alinunua ardhi kimya kimya kwa kutumia makampuni yenye majina mengine, wauzaji wasijue mnunuzi ni nani wakapandisha bei. Siri ilifichuka mwaka 1965. Mwenyewe alifariki tarehe 15 Desemba, 1966, kabla jengo lolote halijasimama. Ndugu yake, Roy, aliahirisha kustaafu ili aimalize kazi, akaifungua bustani ya kwanza tarehe 1 Oktoba, 1971, na Desemba ile ile naye akafariki. Leo bustani kuu ni nne, katika eneo la takriban kilomita za mraba 100, yaani kama sehemu moja ya kumi na sita ya kisiwa cha Unguja. Mtu anayesema anakwenda "kuiona Disney" kwa siku mbili ni kama anayesema ataitembea Unguja yote kati ya adhuhuri na alasiri.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpangaji ni kukata. Tulikata bustani mbili nzima. Tukabakiza ile yenye ngome, kwa sababu ya deni la mlangoni, na ile ya wanyama, iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Siku zenyewe zina siri yake. Juma la Krismasi na la Mwaka Mpya huwa na msongamano mkubwa kuliko karibu nyakati zote za mwaka, na bei hufuata watu: tangu mwaka 2018 tiketi huuzwa kwa kufuata tarehe, na kwa siku za Krismasi ya mwaka ule tiketi ya siku moja ya bustani ya ngome ilikaribia dola 190 kwa mtu mzima. Majuma mawili ya mwanzo wa Desemba huwa na nafuu, nayo mapambo na taa huwa zimekwisha kuwekwa tangu Novemba. Ila shule hazijafungwa. Mwalimu wa binti yetu alikubali akose siku mbili kwa sharti kwamba akirudi atasimulia safari mbele ya darasa. Aangalie pia mpangaji kwamba usiku mwingine wa Novemba na Desemba bustani ya ngome hufanya tafrija ya Krismasi yenye tiketi yake ya pekee, inayoangushiwa hata theluji ya povu la sabuni, na siku hiyo wenye tiketi ya kawaida hutakiwa kutoka saa kumi na mbili jioni. Aliyenunua siku nzima asilijue hili atatolewa na watoto wake wakilia.

Bajeti yetu ilikuwa dola 2,300: tiketi za siku mbili kwa watu wazima watatu na watoto wawili, nyumba ya kupanga nje ya bustani kwa siku tatu, petroli, na dola 30 za kuegesha gari kwa kila siku. Chakula tulibeba. Walinzi wa langoni hukagua mifuko, lakini hawakatazi chakula cha nyumbani, isipokuwa vyombo vya kioo na pombe. Mama alikaanga maandazi ya iliki ya kuwatosha watu wa msibani.

Jambo moja lilinikera, nami nitalisema. Kati ya mwaka 1999 na 2021 kulikuwa na utaratibu wa kukatiwa zamu bila malipo. Mtu alichukua karatasi yake, akaenda zake, akarudi saa aliyopewa. Sasa njia ya mkato huuzwa. Watoto wawili waliolipiwa kiingilio kile kile husimama mahali pamoja, mmoja akapita kwa dakika tano na mwenziwe akangoja saa nzima, kwa sababu baba wa kwanza aliongeza fedha. Sisi hatukuongeza. Tuliamua kuamka saa kumi na moja alfajiri na kuwa langoni kabla ya kufunguliwa, na kwa muda wa saa mbili za mwanzo tuliwashinda wengi waliolipa.

Kadhalika kuna vigari vya reli vinavyopanda kilima na kuporomoka, na kila kimoja kina kipimo chake cha kimo. Mvulana wetu alikuwa amekiona katika picha kile cha mlima wa Everest, kilichoanza kuchukua watu mwaka 2006, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia kingine. Kipimo chake ni sentimita 112. Septemba alikuwa na 109. Tukatia alama kwa penseli kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, na Bibi, ambaye humwita "mume wangu" kama ilivyo desturi ya utani kwetu, akachukua jukumu la kumrefusha. Alimpa uji wa ulezi kila asubuhi. Oktoba 110. Novemba 110. Siku mbili kabla ya kuondoka tulimpima bila viatu tukapata 111, naye akauliza kama nywele huhesabiwa.

Mzigo mgumu zaidi ulikuwa kiti cha magurudumu. Katika bustani zile si ajabu kutembea kilomita kumi na mbili kwa siku, na magoti ya Mama hayawezi. Viti hukodishwa karibu na lango. Nilipomtajia alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye hakuja Marekani kusukumwa mbele za watu kama mgonjwa. Nilijaribu kwa maneno mengi nikashindwa. Aliyefaulu ni mume wangu, kwa maneno machache: "Mama, kiti ni cha kubebea maandazi. Ukichoka, utakaa na maandazi yako."

Sababu ya kuichagua bustani ya wanyama ni kijiji kimoja ndani yake. Joe Rohde, aliyeongoza ubunifu wa bustani ile, alisafiri Afrika ya Mashariki pamoja na wenzake kabla ya kujenga, na kijiji walichokibuni wamekifuatisha mji wa Lamu: kuta nyeupe zenye nyufa zilizotiwa kwa makusudi, milango ya mbao, vibaraza, matangazo yanayobanduka. Jina lake ni Harambe, likiwa na herufi moja ya e, tofauti na lile neno la wito la Kenya. Na ukutani wameandika Uhuru 1961. Nilipolisoma hilo nilikwenda kwenye kalenda, nikaizungushia duara Jumatatu, tarehe 9 Desemba.

Basi siku ya kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika tulikuwa Harambe, watu sita, kiti kikibeba maandazi na, tangu saa nne, kikimbeba Bibi pia. Alisoma kila kibao kwa sauti. Penye neno Dawa akaniambia tuingie, labda wana ya magoti. Kumbe ni baa. Penye Tamu Tamu watoto walielewa pasipo mkalimani. Nilimweleza kwamba njia ya kwenda kuwaona masokwe wakubwa, wale gorila, ilikuwa ikiitwa Pangani mpaka mwaka 2016, ndipo ikabadilishwa jina. Alicheka hata akashika mbavu. "Gorila wa Pangani! Walikuwa wanakaa mtaa gani?"

Mbele ya ukuta wa Uhuru hakucheka. Aliomba asimamishwe. Alikuwa na umri wa miaka kumi usiku ule wa mwaka 1961, naye akaanza kuwasimulia watoto jinsi walivyoruhusiwa kukesha, na jinsi babu yao mkubwa alivyovaa kanzu mpya saa sita za usiku. Binti yetu aliuliza maswali, tena kwa Kiswahili, cha kukwaruza, lakini Kiswahili. Wapita njia wawili walisimama wakidhani mwanamke yule katika kanga ni sehemu ya maonyesho, wakampiga picha. Mume wangu alitaka kuwaeleza. Mama akamzuia kwa mkono, asikatishwe hadithi.

Saa saba tulifika penye kipimo cha Everest. Kijana wa kazi, kwa upole kabisa, alimsimamisha mvulana wetu chini ya ubao, akaangalia mara mbili, akatikisa kichwa. Ilipungua unene wa kidole. Kuna utaratibu mwema kwamba mzazi mmoja hubaki na mtoto asiyefika kimo, kisha wazazi hubadilishana bila kurudia foleni, lakini hilo ni la kuwafaa wazazi. Mtoto halimsaidii kitu. Hakulia. Alivua kofia yake akaitia mfukoni.

Bibi alisema yeye na mumewe watakwenda kupanda lori la wanyama mara ya pili, ambalo halina kipimo, na kwamba sisi wengine tukaporomoke tunakotaka. Tuliporudi tuliwakuta kwenye kibaraza cha saruji, wakila andazi la mwisho. Walikuwa wameona twiga akisimamisha magari yote barabarani. Mvulana alikuwa akiuliza, na sikusadiki masikio yangu kwa kuwa aliuliza kwa lugha yetu, kama Pangani kuna kilima cha kuporomoka, na kama lazima mtu awe na sentimita 112.

"Pangani," Bibi akamwambia, huku akifuta sukari kwenye shavu lake, "hawapimi mtu."

Baba yake aliingiza mkono katika mfuko wa shati, akaitoa ile karatasi, akaomba kalamu.