Binti wa Ngomeni Mjini Milan

Mtu aliyekulia Ngomeni, kaskazini ya Malindi, hahitaji kuambiwa na mwalimu kuwa binadamu amekwisha kupeleka vyombo angani. Akitoka nje asubuhi na kuielekea bahari, huona majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu yao, mithili ya meza kubwa zilizosahauliwa na wenyewe baada ya karamu. Kutoka jukwaa la San Marco Waitalia, kwa roketi za Kimarekani, walirusha setilaiti 9 kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988, kisha moto ukazimika. Watoto waliozaliwa baadaye waliyakuta majukwaa hayo kama walivyoikuta minazi. Wakayahesabu katika vitu vya mahali, wala hawakuuliza mwanzo wake.

Binti mmoja wa kijiji hicho, aliyezaliwa zaidi ya miaka 10 baada ya roketi ya mwisho, alialikwa kusoma makala yake katika Kongamano la Kimataifa la Anga za Juu, lililofanyika Milan, nchini Italia, tarehe 14 hadi 18 Oktoba 2024. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na safari yake ndefu kuliko zote hata siku hiyo ilikuwa ya basi, kutoka Malindi hadi Nairobi. Walakini mwaliko haununui tikiti. Jamaa walifanya harambee. Mwenye mashua alitoa mauzo ya samaki ya siku moja. Nyanya yake aliuza mbuzi wawili, na alipoulizwa sababu alijibu kuwa mbuzi wenyewe walikuwa wasumbufu. Hata hivyo fedha haikuwa kizingiti cha mwisho. Mwenzake wa darasa moja, ambaye makala yake ilikubaliwa vile vile, alinyimwa viza kwa barua ya mistari michache isiyomweleza kosa lake. Saa yake ilipofika Milan jina lake lilisomwa, kimya kikapita, likasomwa la mtu mwingine. Anga haina mipaka, au ndivyo wasemavyo wanaoizungumzia. Lakini mlango wa chumba inamozungumzwa una bawabu.

Kongamano hilo lilikutana kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1950, miaka 7 kabla ya Sputnik, wakati ambapo hapakuwa na kitu hata kimoja cha mkono wa binadamu kilichokuwa kikiizunguka dunia. Milan ilikuwa mara ya 75, na waliohudhuria walizidi 10,000. Siku ya kwanza binti alipotea. Alipita mbele ya vibanda vya mataifa na vya makampuni, akiwa amevaa koti la kuazima lililompita mabega, akapewa kalamu za bure na mifuko ya bure na watu ambao hawakungoja kusikia jina lake. Aligundua kuwa kila aliyekutana naye alitazama kwanza kadi iliyoning'inia kifuani, ndipo uso. Wengi walisoma jina la chuo wasichokijua, wakatabasamu, wakapita. Hakuwalaumu. Ilipofika adhuhuri yeye naye alikuwa akisoma kadi kabla ya nyuso.

Makala yake ilihusu mikoko ya Ngomeni na mashamba ya chumvi yaliyo jirani. Alitumia picha za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo hutolewa bure, na ambazo hupigwa tena mahali pale pale kila baada ya siku 5. Katika picha hizo nukta moja hutwaa mraba wa mita 10 kwa mita 10. Msitu wa mikoko ni maelfu ya nukta, hivyo ukipungua huonekana. Lakini nyumba ya nyanya yake, pamoja na mwembe, kisima, na banda la mbuzi waliouzwa, hukaa ndani ya nukta chache za rangi ya kahawia zisizosema neno. Mashua ndogo ya mvuvi haionekani kabisa.

Alipomaliza kusoma, mtu mmoja alimwuliza kwa adabu amejuaje kuwa nukta fulani ni mikoko iliyokatwa, wala si maji yaliyojaa na kupwa. Lilikuwa swali jema, maana picha moja ya maji kujaa na moja ya maji kupwa zaweza kumdanganya hata mjuzi. Binti alikuwa amejiwekea jibu la hesabu. Badala yake likamtoka jibu jingine: alijua kwa sababu alikuwa akipita hapo kwa miguu kwenda madrasa, na siku moja kivuli hakikuwapo. Watu walicheka kidogo, kicheko cha wema. Alirudi kitini akiona haya, akidhani ameiangusha kazi ya miaka miwili kwa maneno ya mtoto, na hesabu aliyoikesha imebaki mkobani bila kusomwa.

Jioni ile mzee mmoja wa Kiitalia alimjia, akamwamkia, "Hujambo, mama," kwa Kiswahili kilichoota kutu. Alikuwa amelisikia jina la Ngomeni. Katika ujana wake alifanya kazi huko, na alitaka kujua kama upepo wa kusi ungali ukitupa mchanga ndani ya chai.

Walizungumza kitambo kirefu. Mzee alisimulia mambo ambayo binti aliyajua vitabuni: kuwa mahali pale palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambapo dunia huzunguka kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na mwendo huo humsaidia arushaye kuelekea mashariki, tena mashariki ni bahari tupu, hata kikianguka kitu hakimwangukii mtu. (Bahari tupu ni maneno ya wahandisi. Wavuvi hawaiiti hivyo.) Alisimulia setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, nayo kwa ajili hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei zitokazo mbinguni, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisifike chini, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kisha mzee akasimulia jambo lisilo kitabuni. Palikuwa na mwendesha mashua ambaye asubuhi moja, bahari ikiwa shwari, alikataa katakata kuwavusha mafundi kwenda jukwaani. Walimkasirikia. Kabla ya alasiri pepo zikavuma, na mashua yoyote ingalizama. "Jina lake nani?" binti aliuliza. Mzee alifumba macho akalitafuta. Hakulipata. Walikuwa wakimwita Nahodha tu.

Babu yake binti aliwahi kufanya kazi kwa Waitalia. Hilo lilijulikana katika ukoo. Usiku ule hakulala upesi.

Aliporudi Ngomeni alimkuta nyanya yake barazani.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Haya, walisema nini juu ya kwetu?"

Binti hakuanza na mikoko, wala na vyanzo 339. Alianza na Nahodha, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuamini, alimaliza kwa kumwita babu. Nyanya alicheka hata kanga ikamwanguka begani.

"Babu yako? Babu yako alikuwa mpishi wao wa nchi kavu. Bahari ilikuwa ikimtapisha hata ikilala."

Halafu akanyamaza. Akasema kuwa waliothubutu kuwakatalia wazungu bahari hawakuwa mmoja. Akainua mkono, akaanza kuwahesabu kwa vidole, kila kidole na jina lake na jina la baba yake. Binti akamwomba angoje alete daftari. Nyanya hakungoja. Basi binti akatoa kalamu moja ya bure ya Milan, akaliandika jina la kwanza kiganjani.